Kufunga kwa Dada Yangu

Likizo iliyopita nilikwenda kwetu, karibu na Masaka, nikamkuta dada yangu amekonda sana. Yeye amenizidi miaka miwili. Akanieleza kwamba tangu Krismasi alikuwa akifunga saa 16 kila siku, akila baina ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu, kama alivyosoma katika simu. Nami, nikijifanya mjuzi, nilimsifu mbele ya watu wote wa nyumbani, nikasema ana moyo kuliko sisi wavulana tunaonung'unika uji ukichelewa. Sikuuliza anakula kiasi gani. Kumbe alikula kidogo mno, na kila asubuhi alilima shambani na kuteka maji kabla ya kutia kitu kinywani.

Siku moja Mama akaninong'oneza kwamba dada hajaona siku zake kwa miezi mitatu. Mara nikadhani ana mimba. Badala ya kumwuliza kwa upole, nilimkaripia kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Hakujibu, alilia tu.

Kesho yake nilimpakia kwenye baiskeli tukaenda zahanati. Alipimwa, akaonekana hana mimba wala ugonjwa mwingine. Kwa ruhusa yake, mama muuguzi akaniita ndani akatueleza sote wawili. Katika ubongo imo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo ndiyo chanzo cha amri ziendazo kwenye ovari. Chakula kisipotosha kwa kazi ya mwili, amri hizo hupungua, homoni za uzazi hushuka, yai halikomai, na hedhi hukoma. Tena homoni ya estrojeni ikikaa chini muda mrefu, mifupa hudhoofika, hata ya msichana.

Hakusema kwamba kufunga ni sumu kwa kila mwanamke. Wapo wenye uzito uliozidi ambao hufunga hivyo wakapungua bila kuona dhara. Jambo kubwa, alisema, si saa peke yake, bali ni chakula cha siku nzima kikilinganishwa na kazi. Niliporudi shuleni nilisoma kwamba katika njaa iliyowapata watu wa Uholanzi mwaka 1944 hadi 1945, wanawake wengi walikosa hedhi, na walipopata chakula tena hali yao ikarudi.

Dada naye alianza tena kula asubuhi, na matoke yake akayala kwa maharage na karanga. Baada ya miezi miwili alinipigia simu kuniarifu kwamba mambo yametengemaa. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Mdogo wangu, uliponisifu hukuniuliza kitu, na uliponitukana hukuniuliza kitu." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Ndugu zangu, wazee walisema mficha uchi hazai. Dada mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuandika haya, ili mwingine asichelewe kama yeye. Sisi wanafunzi hucheka mambo haya yanapotajwa darasani. Na ninyi mliotutangulia, mnao wake na mabinti nyumbani. Basi tuache kucheka, na tusiwe wepesi wa kusifu wala wa kulaumu. Tuulize kwanza, tena kwa heshima.