Neno lililomhamisha binti kiti cha mbele

Binti mmoja wa kidato cha pili, mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, alizoea kukaa kiti cha mbele na kunyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali. Akikosea, ananyoosha tena. Jioni alimsimulia mama yake yote, mama akisukuma chapati za biashara.

Muhula wa pili hadithi zikakoma. Mama akadhani ni ukubwa. Siku ya kikao cha wazazi, mwalimu wa hisabati akamvuta pembeni.

"Mama, mwanao siku hizi anakaa nyuma kabisa. Hanyooshi mkono hata pale ambapo najua jibu analo."

Jioni akamuuliza. Binti alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Darasani wananiita Kiherehere."

Mama akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Neno hilo mtoto alilisikia pia nyumbani. Siku chache nyuma, mama huyo huyo alilitumia kumsema jirani mpya aliyewahi msibani na kuosha vyombo bila kuambiwa. "Ana kiherehere yule, anatafuta kuonekana." Binti alikuwa hapo hapo, anamenya vitunguu.

Kiswahili kina maneno mengi ya aina hii. Anayejitanguliza ana kimbelembele, neno lenye "mbele" ndani yake. Anayejituma mbele ya bosi anaambiwa anajikomba au anajipendekeza. Shuleni mwenye akili anaitwa kipanga, jina la ndege mwindaji, na ni sifa. Lakini sifa hiyo ni tamu zaidi kwa anayefaulu kama vile hasomi. Akikutwa anapiga msuli usiku kucha, wenzake wanaguna. Na kiherehere chenyewe si kejeli tu. Ni pia ule wasiwasi unaoupeleka moyo mbio. Huenda moyo wa binti ulikwenda mbio hivyo kila aliponyoosha mkono, lakini aliunyoosha.

Ni kweli wapo wanaopitiliza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto anayewakatiza wenzake afundishwe kusubiri zamu yake. Lakini wahenga hao hao walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayeinama huonekana. Hakuna namna ya kujifunza kitu kigumu bila mtu kukuona unahangaika.

Mama hakumwambia binti awapuuze wenzake. Alimwambia, "Neno hilo hata mimi nimelitumia vibaya, mwanangu. Nisamehe." Kesho yake alifunga chapati sita, akaenda nazo kwa yule jirani, binti akiwa naye. Akamshukuru kwa vyombo alivyoosha siku ya msiba. Jirani alishangaa, alikuwa ameshaamua msiba ujao akae tu kwenye mkeka kama wengine.

Binti hakurudi kiti cha mbele siku ile wala wiki ile. Ila Alhamisi moja alirudi na hadithi: alikuwa amehamia safu ya tatu, na mkono aliunyoosha hadi usawa wa sikio tu. Mwalimu aliuona.

Mzazi, kabla ya kumcheka anayejituma, angalia kwanza nani anamenya vitunguu pembeni yako.