Sanduku la Safari Ndefu Kutoka Mpanda

Reli ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, ikichepuka Kaliua na kukata pori kwa kilomita zipatazo 210. Siku hizi inatubeba sisi na mizigo yetu.

Masanduku ya magurudumu manne hupendeza dukani, maana sakafu ya duka ni laini. Kwenye kokoto za reli hayaendi hata hatua tatu. Afadhali lenye magurudumu mawili makubwa, zipu nene na mshikio imara. Linyanyue likiwa tupu. Likifika kilo 5 liache, hasa kama mbele utapanda ndege, kwani mashirika mengi huruhusu kilo 23 tu kwa begi moja. Lile begi la nailoni, shangazi kaja, silidharau. Ni jepesi, ila lifunge kamba, mishono yake huachia.

Nikiwa muuguzi, ninayemfikiria zaidi ni mama anayempeleka mtoto Bugando au Muhimbili kwa rufaa. Mtoto yuko mgongoni, mkono uliobaki ni mmoja. Basi mama, jaza sanduku, kisha jaribu kulipandisha kitandani kwa mkono huo. Likikushinda, toa vitenge, hata kile cha kwaya.

Barua ya rufaa, kadi ya kliniki na dawa visiingie humo kabisa. Vikae kwenye mkoba ulio mwilini mwako, chini ya khanga. Sanduku kubwa laweza kuwekwa behewa jingine, na mtoto wa dawa za kifafa hawezi kungojea dozi yake hadi Tabora.