Joto la bahari kwa mistari kumi ya programu

Leo naongelea matumbawe, ila kwa upande wa kompyuta.

Ndani ya tumbawe hukaa mwani mdogo sana unaolilisha. Maji yakizidi joto, mwani hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Joto likikawia, linakufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalikufa hivyo.

NOAA, shirika la serikali ya Marekani, hupima joto la bahari kila siku kwa setilaiti, na data yake ni ya bure. Hesabu ni rahisi. Chukua wastani wa mwezi wenye joto zaidi, kisha jumlisha nyuzijoto zilizozidi hapo kwa wiki 12. Wiki isiyozidi kwa angalau nyuzi 1, iruke. Wiki mbili za nyuzi 1.5 na moja ya nyuzi 1 zinatoa 4: tegemea weupe. Ikifika 8, tegemea vifo. Mistari kama kumi tu ya programu!

Nilimwonyesha mzee mmoja anayezamia kambakoche. Akauliza: "Mwanangu, hiyo yaona hata chini?"

Haioni. Setilaiti hupima uso wa maji, na kila kipande cha ramani ni kilomita 5 kwa 5. Namba inaeleza hatari. Tumbawe lililopona analiona mzamiaji, ambaye riziki yake iko humo.

Kwa hiyo nimeongeza jedwali la pili: tarehe, mahali, kina, na rangi aliyoiona mzamiaji. Bila hilo nahesabu joto tu, matumbawe siyahesabu.