Kabla Masika Hayajaingia Uani

Mwezi wa pili ukianza, simu yangu haipumziki. Watu wa Kariakoo, Gerezani na Ilala hukumbuka nyufa zao kwa pamoja, maana masika ya Machi hadi Mei yako mlangoni. "Fundi, zege la uani linabanduka." Swali langu huwa moja: maji yanakwenda wapi?

Nilijifunza kazi katika nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Nyingi sasa ni maghorofa. Katika nyua zilizobaki watu wanafua, wanapika, wanaogesha watoto na kutandika mikeka ya msiba. Sakafu ile hainyeshewi masika tu, inalowa kila siku.

Kazi yangu ya kwanza kupewa peke yangu ilikuwa ua wa mama mmoja, karibu na Mtaa wa Sikukuu. Nilipiga niru jioni. Maji yakagoma kuondoka juu ya zege, nami nilitaka kuwahi nyumbani, nikanyunyiza saruji kavu iyanyonye, nikasugua kwa mwiko mpaka pakang'aa. Nikalipwa, nikaondoka bila kumwambia mtu amwagilie. Masika ya kwanza ngozi ile ikabanduka vipande vipande, dimbwi likakaa mlangoni pa jiko, ukoga ukaota. Mama akateleza, akavunjika kiwiko. Nilibomoa nikarudia bila malipo, lakini mkono wake haukunyooka tena sawasawa. Hadi leo sitii saruji kavu juu ya zege bichi, hata mwenye nyumba akinihimiza.

Saruji haikauki kama tope. Inakomaa, na inakomaa kwa maji. Jua la Februari likilipiga zege jipya, maji yanatoka kabla kazi yake haijaisha, na juu panabaki unga unaofagiliwa na ufagio. Kwa hiyo namwaga alfajiri, nafunika kwa magunia, nayalowesha asubuhi na jioni kwa siku 7. Wateja wanalalamika kuwa wanakanyaga magunia wiki nzima. Nawaomba wavumilie.

Maji yenyewe nayaonja kwa ulimi. Bomba likikatika, wengi huku hutegemea visima, na vingi vina chumvi. Kwenye sakafu isiyo na nondo, chumvi huacha madoa meupe. Kwenye ngazi au kibaraza cha ghorofa ni sumu ya polepole: nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka na kudondoka. Mchanga wa baharini usiooshwa huleta balaa hilohilo. Kisima kikiwa na chumvi, tunanunua madumu ya maji ya bomba kwa wauza maji wa mkokoteni, hata gharama ikipanda.

Mpwa wangu anayeishi Toronto aliniambia kwao maji huingia kwenye vitundu vya zege, yakaganda, yakatanuka na kulimenya. Tena barabarani wanamwaga chumvi kuyeyusha barafu, nayo inakula nondo. Nilimsikiliza kwa makini sana. Adui wao ndiye wetu, maji na chumvi, ila kwetu haji na baridi.

Ndiyo maana kitu ninachokipigania kuliko vyote ni mteremko: sentimita 1 na nusu kwa kila mita, kuelekea mtaroni. Dawa ya kuzuia maji inayouzwa madukani haiwezi kuokoa sakafu inayotuamisha maji. Nakata pia viungo kila baada ya mita 3 hivi, ili zege likitaka kupasuka lipasukie hapo. Paa la bati lisilo na mfereji huchimba mstari wa vishimo kwa matone yake, kwa hiyo mfereji nauomba kabla ya sakafu. Na ukoga usiutoe kwa asidi, inakula saruji. Brashi ngumu, sabuni na mkono vinatosha.

Juzi nilimaliza ua mmoja Gerezani. Siku ya nane tulitoa magunia, nikamwaga ndoo nzima mlangoni pa jiko. Maji yakapita kando ya kinu, yakanyooka hadi mtaroni, nyuma hakukubaki hata tone la kukanyaga. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama.

"Mwaga tena, baba, nione."

Nikaenda kujaza ndoo.