Mwanya wa Bibi

Kiswahili kinadai meno. Jaribu kutamka "fedha" au "thelathini" bila meno ya mbele: pumzi inapita tu, neno halisimami. F na v zinataka mdomo wa chini uguse meno ya juu. Th na dh zinataka ncha ya ulimi ifike kwenye meno. Bibi yangu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, ndiye aliyekuwa msimulizi wa mtaa. Alipobaki kibogoyo, "paukwa" ilitoka vizuri, maana p ni kazi ya midomo. Shida ilianza fisi alipoingia. Watoto wakawa wanacheka pasipochekesha. Pweza Bibi aliweza kumwacha, akasema mchuzi unamtosha. Hadithi alipoziacha, nyumba nzima iliona.

Basi ikaamuliwa: meno bandia. Fundi tuliyempata alikuwa Dar es Salaam, kwa hiyo ni boti hadi Nyamisati, halafu gari, na si safari moja. Kwanza fizi zipone. Kisha kipimo: unang'ata uji mzito unaogandia kinywani na kuchukua umbo la taya. Fundi akatuambia uji ule una alijineti, kitu kinachotolewa kwenye mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa pwani yetu ni wa jamii nyingine, lakini Bibi hakujali. "Bahari imenifuata hadi huku," akasema.

Safari iliyofuata meno yalikuwa yamepangwa juu ya nta. Hatua hiyo ndiyo ya kuchagua, maana nta bado laini na jino linasogezeka. Yakishamiminwa kwenye plastiki ngumu, basi tena. Shangazi alikuwa ameomba meno meupe pe, yaliyonyooka kama ya kwenye tangazo. Bibi akajitazama kwenye kioo.

"Huyu nani?" akauliza. Kisha: "Mwanya wangu uko wapi?"

"Mama, tunatoa hela yote hii kununua pengo?"

"Pengo ni kilichoondoka, mwanangu. Mwanya nilijaliwa."

Fundi akacheka. "Hilo dogo, bi mkubwa." Akayatenganisha yale mawili ya mbele, akatafuta na rangi iliyofifia kidogo, ya jino lililokwisha kula chumvi.

Si kila jino bandia duniani lilipatikana kwa heshima namna hiyo. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja. Watu husema meno yake ya bandia yalikuwa ya mbao. Hapana: yalichongwa kwa jino la kiboko, na baadhi yalikuwa meno ya binadamu. Daftari lake la mwaka 1784 lina malipo ya meno 9 yaliyotoka kwa watumwa. Mafia tunao viboko, inasemwa walielea kutoka Rufiji. Na katika karne ya 19 Unguja ilisafirisha meno ya kiboko pamoja na pembe za ndovu. Nikimfikiria mtumwa yule aliyeng'olewa jino likakae kinywani mwa bwana, swali la Bibi mbele ya kioo silioni tena kuwa ni maringo ya kizee.

Wiki za kwanza mate yalimjaa, maneno yakajikwaa. Akawa anahesabu kwa sauti jikoni, akifika thelathini anarudia. Matunzo ameyashika kuliko sisi. Anayaosha kwa sabuni na mswaki laini, juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Maji ya moto hapana, yanapindisha. Dawa ya meno hapana, inakwaruza. Taya lisilo na meno husinyaa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo yatalegea, na yakilegea yatarudi kwa fundi. Jirani aliyependekeza gundi ya viatu alitazamwa hadi akaaga.

Usiku anayavua, fizi zipumzike, na kuyatia kwenye kikombe cha maji ili yasikauke. Ndiyo maana hadithi siku hizi zinaanza mapema, mara tu baada ya chakula. Wajukuu wanajua: meno yakishaingia kikombeni, hata fisi akiwa katikati ya mtego, atabaki humo hadi kesho.