Kutoka Nyunzu Hadi Kalemie

Mtu akituuliza kama Kalemie ni mbali na Nyunzu, tutamjibuje? Swali laonekana dogo. Lakini nyumba yenye mgonjwa, au mama mja mzito, au magunia ya mahindi ya kuuza, yapaswa kulifikiri vema.

Tuanze na ramani. Miji hii miwili iko karibu katika mstari mmoja, mashariki na magharibi. Tukipima kama kwa kamba iliyonyoshwa, twapata kilomita 130 hivi. Jua huchomoza kwanza Kalemie, juu ya ziwa Tanganyika, na baada ya dakika zipatazo tano huchomoza Nyunzu. Ndege ndogo iendayo kilomita 250 kwa saa ingeuvuka umbali huo kwa muda wa nusu saa tu. Lakini wangapi kati yetu waweza kuilipia?

Kipimo cha pili ni reli. Kampuni ya CFL iliijenga kutoka Kabalo, penye mto Lualaba, ikafika ziwani mwaka 1915. Urefu wake ni kilomita 273, nayo Nyunzu iko karibu na katikati. Wajenzi walilifuata bonde la mto Lukuga, uyatoao maji ya ziwa na kuyapeleka Lualaba. Kwa hiyo reli hupinda pamoja na bonde, wala hailingani na kamba yetu. Vita vya miaka 1998 hadi 2003 vilizikatiza safari zake. Gari la moshi hubeba mizigo mingi, ila halipiti kila siku. Asiyeuliza mapema aweza kungoja stesheni siku nyingi kuliko saa za safari yenyewe.

Kipimo cha tatu ni barabara. Wakati wa kiangazi msafiri huwa na matumaini. Mvua zikianza, matope hushika magurudumu, malori hukwama, na watu hulala njiani. Tena njia hutaka amani: katika miaka ya 2013 hadi 2017, mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwafukuza watu wengi wa Nyunzu kutoka vijiji vyao, na wasafiri wakaiogopa barabara.

Basi, safari ya nusu saa angani yaweza kuwa safari ya siku kadhaa ardhini. Tangu mwaka 2015 Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika, na watu wa Nyunzu wana haja ya kufika huko kuliko zamani. Kwa hiyo tusihesabu kilomita, tuhesabu siku. Mama aliyeambiwa na mganga kwamba atazaa kwa shida asingoje uchungu umshike ndipo pikipiki itafutwe. Na aende mapema, akakae kwa ndugu karibu na hospitali. Baba naye aweke nauli kando tangu mavuno, kwa maana akiba haiozi. Nao wenye mamlaka wakumbuke kwamba daraja moja likitengenezwa vema kabla ya mvua, mgonjwa hupunguziwa siku za njiani, na siku hizo ndizo mara nyingi humwokoa au kumpoteza.