Mtumbwi wa kufika Kazimia: usiangalie rangi, angalia chini

Leo ninaongea juu ya mtumbwi.

Kazi ya redio hunipeleka vijiji vya Ubwari na Kazimia. Mvua ikiharibu barabara, njia inayobaki ni ziwa. Kutoka Baraka unapanda kwanza kaskazini, unaizunguka rasi ya Banza, ndipo unashuka kusini upande wa pili. Ndani ya ghuba yetu maji hutulia. Ukishaipita Banza wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unakukuta uso kwa uso, na Tanganyika ina kina kinachofika mita 1,470. Hapo ndipo unajua kama ulichagua vizuri.

Bandarini watu hukimbilia boti ya rangi mpya na injini kubwa. Mimi huchagua ya mbao, hata iliyozeeka, mradi inatunzwa. Boti ya faiba ni nyepesi na haiozi, lakini ikipasuka kwenye mawe ya Ubwari, dawa ya kuiziba utaitoa wapi? Mbao zina mafundi karibu kila kijiji cha wavuvi. Kiangazi kilichopita mbao zetu mbili ziliachana tukiwa nje ya rasi. Tulichota maji mpaka pwani, tukauvuta mtumbwi mchangani. Mzee mmoja akasokota pamba, akaichovya katika mawese, akaishindilia kwenye ufa kwa patasi butu na nyundo. Kesho yake asubuhi tuliendelea.

Kwa hiyo, kabla sijalipa nauli, hufanya haya. Ninabonyeza mbao za chini kwa ncha ya kisu. Kikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, ubao umeoza. Ninaangalia misumari kama imeliwa na kutu. Ninatazama maji yaliyoingia usiku kabla ya mzigo: kidogo ni kawaida, yakifika kwenye vifundo vya miguu siendi. Mzigo ukishapakiwa, ninapima kutoka maji hadi ukingo. Pasipobaki angalau mkono mmoja, kiwiko hadi ncha za vidole, ninashuka. Makasia pia lazima yawemo, maana injini huzima.

Ninawaambia haya hasa ninyi mnaotaka kurudi kutoka Tanzania, au kuhama tena na watoto. Katika vita vya 1996 na 1998 wengi walivuka kwenda Kigoma, na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza hali ya mbao. Mtu akikimbia risasi hupanda chochote kinachoelea. Lakini anayesafiri kwa kupanga anaweza kusubiri mtumbwi wa kesho, na kumvalisha mtoto jile kabla ya kuondoka.

Mwenye mtumbwi mzuri hakasiriki ukiinama kutazama. Anayekuzuia kuangalia chini ya mzigo, usimpe pesa yako.